Bi. Mwanakhamisi, Mawingu ya Mbeya na Kidonge Alichokichagua

Ijumaa ya tarehe 12 Desemba 2025, Bi. Mwanakhamisi Abdulkarim anatimiza miaka sitini, na siku hiyohiyo anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi katika kituo chetu cha hali ya hewa hapa Mbeya. Tutamuaga baada ya swala ya Ijumaa, kwenye uwanja wa nyuma, mvua ikikubali. Tulipomuuliza kama itakubali, alitazama upande wa mlima Loleza, kisha akatuambia tukodi turubai.

Alizaliwa Iringa mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Mzee Abdulkarim alitoka Pangani na marobota machache akitaka kuuza msimu mmoja tu arudi, na msimu huo ukamalizika siku alipozikwa hukohuko Iringa. Mji ule umekaa juu ya kilima, na asubuhi za baridi ukungu hulala bondeni kwenye mto Ruaha Mdogo, mweupe, mzito, bila kutikisika. Binti alikuwa akiutazama kutoka dirishani huku chai yake ikipoa. Anasema aliamini kabisa kwamba watu wa kule chini wanaishi ndani ya maziwa, na kwamba wakipanda mjini wanajifuta kwanza.

Aliajiriwa hapa mwaka 1989. Kazi ya mwangalizi wa hali ya hewa si ya kelele. Unatoka nje kwa saa zilizopangwa, unasoma kipimajoto, unapima mvua iliyoingia kwenye mtungi, unageuza uso juu na kukadiria ni sehemu gani ya anga iliyofunikwa. Wengi wetu tulijifunza kazi hiyo na kuizoea. Yeye hakuizoea. Alikuwa akitoka nje kila mara kama mtu aliyeitwa. Kuna tufe la kioo kituoni ambalo hukusanya jua na kuchoma alama kwenye karatasi, ili tujue jua liliwaka kwa muda gani. Nilipofika kituoni nikiwa kijana nilimkuta amesimama mbele ya tufe hilo, akitazama moshi mwembamba ukiinuka kutoka kwenye karatasi. Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka, akaniambia nisogee nisizibe jua.

Mkuu wa kituo wa wakati huo aliwahi kumwita ofisini kwa sababu ya sehemu ya maoni katika taarifa zake. Alikuwa ameandika kwamba mawingu ya upande wa Rungwe "yamelala chini kama ng'ombe walioshiba." Akaambiwa aandike kitaalamu. Siku iliyofuata akaandika kitaalamu, na mkuu akatoka nje mwenyewe kutazama, akarudi akasema kweli, yalikuwa kama ng'ombe.

Wapo pia waliomjua kwa sauti tu. Bwana Anyelwisye, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, alimpigia simu kila mavuno kwa miaka mingi.

"Mama, nianike?"

"Anika. Ila usiende mbali na turubai."

Yalikuwa mazungumzo yao yote. Walipokutana hatimaye, kwenye maonyesho ya wakulima, Bwana Anyelwisye alimtazama huyu mwanamke mfupi aliyejitanda mtandio wa bluu, akashindwa kuamini. Alikuwa amemfikiria mrefu sana.

Ningeweza kuishia hapo, kwa vyeti alivyopewa na vijana aliowafundisha, na ningekuwa nimeandika wasifu wa kawaida. Yeye amekataa. Nilipomweleza kwamba jarida letu limeniomba nimwandike, alinipa ruhusa kwa sharti moja, kwamba ugonjwa wake niuandike pia, pamoja na dawa zake.

"Saulo," aliniambia, "ukiandika kwamba nilifanya kazi tu, utakuwa umeandika habari za mtu mwingine."

Ilianza mwaka 2014, mwishoni mwa kiangazi, wakati wakulima wanachoma mashamba na hewa ya Mbeya inageuka rangi ya majivu. Aliona upande mmoja wa dunia umefifia. Akadhani ni moshi. Akaziba jicho la kushoto, na kanga yake nyekundu iliyoanikwa kambani ikawa kama imefuliwa mara mia. Akaziba la kulia, nyekundu ikarudi. Jicho la kulia lilimuuma kila alipolizungusha kutazama juu, na kutazama juu ndiyo kazi yake. Baada ya wiki chache ukungu ule ukaondoka wenyewe, naye akaona hakuna haja ya kulizungumza.

Mwaka uliofuata ikawa miguu. Ganzi ilipanda kutoka nyayoni hadi kiunoni, na kifuani akahisi kama amefungwa mkanda ambao hakuna aliyeuona. Akasema ni baridi ya Julai. Kisha asubuhi moja, zamu ikiwa yangu na yake, nilitazama dirishani nikamwona amekaa kwenye nyasi katikati ya vipimo. Nikakimbia.

"Dada, umeteleza?"

"Sikuteleza. Miguu imeondoka."

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayeripoti kwamba mawingu yamehama. Nikataka kumwinua.

"Soma kwanza kipimajoto," akasema. "Saa imefika. Mimi siendi popote."

Nilikisoma. Mpaka leo sijui nilisoma nini.

Ikafuata miezi ya kubahatisha. Mmoja alisema malaria, mwingine mgongo, mwingine sukari. Jirani mmoja wa Mwanjelwa, mtaa wanakoishi, alisema ni mtu mbaya, akataja na jina. Mume wake, Bwana Yunusu, muuzaji wa vitambaa kama alivyokuwa mkwewe, alimpeleka Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI, na picha zikarudi na madoa meupe kwenye ubongo na uti wa mgongo. Picha hizo ndizo zilizomfikisha kwa Daktari Rozalia Kalinga, bingwa wa mishipa ya fahamu anayeona wagonjwa Iringa, mama mwembamba mwenye sauti ya chini anayemaliza sentensi zake zote.

Daktari aliwaambia kwamba ugonjwa unaitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Palipochubuka, ujumbe wa ubongo unachelewa au unapotea njiani, na ndiyo maana jicho lilififia na miguu ikaondoka. Wa kwake ulikuwa wa aina ya kuibuka na kutulia. Unashambulia, unapoa, mtu anadhani amepona, kisha unarudi mahali pengine. Dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa mishipa, ilimrudishia miguu. Lakini dripu huzima moto uliokwisha kuwaka tu. Sasa ilibidi watafute cha kuzuia moto wenyewe.

Sindano zilikuwepo, lakini zile zilihitaji friji ya uhakika, na umeme wao Mwanjelwa ulikuwa na tabia zake. Wakabaki na vidonge. Mazungumzo ya siku ile nimesimuliwa na wote wawili, mke na mume, kwa nyakati tofauti, na yanalingana.

"Kipi ni bora?" aliuliza Bwana Yunusu.

"Hilo ndilo swali gumu kuliko yote utakayoniuliza," alisema daktari. "Kila kimoja kilipimwa dhidi ya kidonge kisicho na dawa ndani yake, au dhidi ya sindano za zamani. Ni mara chache sana vimewekwa ana kwa ana. Nikikutajia kiasi ambacho kila kimoja kinapunguza mashambulio, usivilinganishe kama wanafunzi waliofanya mtihani mmoja."

"Ni kama mvua ya hapa na mvua ya Ubaruku," akasema Bi. Mwanakhamisi, "halafu kila mtu kapima kwa ndoo yake."

"Ndiyo, mama. Kama hivyo."

Kisha akavieleza kimoja baada ya kingine. Teriflunomidi ni kidonge kimoja kwa siku, kinavumilika, ila kinapunguza mashambulio kwa kiasi kidogo kuliko vingine, ini lazima lichunguzwe mara kwa mara, na nywele zinaweza kupungua. Dimethili fumarati ni mara mbili kwa siku pamoja na chakula, uso unawaka na tumbo linasumbua hasa mwanzoni, lakini kinazuia mashambulio zaidi, na damu itapimwa kuangalia seli nyeupe zisishuke mno. Fingolimodi ni kimoja kwa siku na kina nguvu. Ila siku ya kwanza kinapunguza mapigo ya moyo, hivyo mtu hukaa hospitali akiangaliwa kwa saa sita. Kwa wachache huleta uvimbe nyuma ya jicho. Na ukikiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira kuliko mwanzo. Kipo pia kipya zaidi, kladribini, cha kunywa kwa vipindi vifupi, lakini wakati ule hakikuwa kimefika mikononi mwake.

Bi. Mwanakhamisi alisema kuhusu nywele hana wasiwasi, kwa kuwa nywele zake anazijua Yunusu peke yake. Lakini vipimo vya ini lake havikuwa vizuri, kwa hiyo teriflunomidi ikawekwa kando. Fingolimodi ikawaogopesha, yeye kwa sababu ya jicho, mumewe kwa sababu ya moyo. Wakachukua dimethili fumarati.

Hapo ndipo kituo kizima kilipomfahamu mtu anayesikia joto Mbeya mwezi wa Julai. Sisi tulivaa masweta mawili, yeye alifungua dirisha. Uso na shingo vilimwiva kama amesimama kwenye jiko la maandazi, kisha baada ya muda vikarudi kawaida, naye akaendelea na kazi. Tumbo lilimnyanyasa wiki za kwanza mpaka alipojifunza kwamba uji mzito ukitangulia, kidonge kinatulia. Kwa karibu mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri. Alirudi kwenye zamu zake, akatembea mwenyewe hadi kwenye vipimo, na mafundi wetu wakamwekea bomba la kushikia pembeni ya njia bila kungoja kibali cha mtu.

Mwaka 2017, mvua za masika zikiwa katikati, kalamu ilimdondoka. Akaiokota, ikadondoka tena. Mkono wa kushoto, ambao ndio anaoandikia, ulikuwa umelala. Mguu wa upande huohuo ukafuata. Picha mpya zikaonyesha madoa mapya. Dawa haikuwa mbaya, wala yeye hakukosea kuinywa. Kwake haikutosha.

Makao makuu walimwandalia nafasi ya ofisini, mezani, mbali na kupanda na kushuka. Ulikuwa wema, na yeye aliupokea kama wema. Lakini nafasi yenyewe hakuichukua, na aliniambia kwamba usiku aliousoma ule ujumbe aliota amekaa kwenye chumba kizuri kisicho na dirisha, na kwamba mtu alikuwa akimletea anga kwenye trei, limekatwa vipande.

Walikwenda Iringa tena, wakafikia kwa wifi yake njia ya Tosamaganga. Jioni, baada ya chakula, mume na mke walikaa barazani na mablanketi mabegani, bonde likiwa limeanza kujaa ukungu. Daktari alikuwa amependekeza fingolimodi, na walitakiwa kumjibu kesho yake.

"Mama Rayyan," alisema Bwana Yunusu, "hiki tulichonacho tunakijua."

"Tunakijua kwamba kimeniacha."

"Moyo wa mtu haupunguzwi mwendo kwa makusudi."

"Wataukalia macho, baba Rayyan. Wamesema."

"Na jicho lako?"

Anasema alikuwa akitazama taa za nyumba za bondeni zikizama moja moja ndani ya ule weupe, na akawaza habari za kupofuka, akaona jinsi angekuwa akimuuliza Yunusu kila asubuhi, leo mawingu yakoje, na Yunusu, ambaye maishani mwake hajawahi kutofautisha wingu na wingu, angejibu yapo.

"Ugonjwa huu ulilichukua jicho bila kubisha hodi," akasema mwishoni. "Hiki kidonge, wanalitazama jicho kabla, wanalitazama na baadaye. Likianza kuvimba wanajua, wananiachisha. Nikae na kinachotoa taarifa."

Bwana Yunusu akauliza jambo ambalo hata daktari alilisifu kesho yake, kwamba kama kukiacha ghafla ni hatari, itakuwaje kifurushi kikichelewa njiani kutoka Dar? Kwa wagonjwa wa miji mikubwa pengine ni swali dogo. Kwetu, barabara ikikatika milimani, mzigo unaweza kulala wiki. Walikubaliana kwamba hataanza mpaka awe na akiba ya kutosha nyumbani, na kwamba akiba hiyo haitaguswa bila kurudishiwa. Tangu siku hiyo ni Bwana Yunusu mwenyewe anayezifuata dawa Dar anapokwenda kununua vitambaa. Hazipandi kwenye buti. Anazipakata.

Kabla ya kuanza alipimwa moyo, jicho, damu, kifua, na kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Kisha siku ikafika. Alipewa kitanda cha dirishani, wakambandika nyaya kifuani, na muuguzi, Sista Yusta, akampa kidonge kidogo sana na bilauri ya maji. Alikimeza akarudisha kichwa kwenye mto.

Mara ya kwanza hakuna alichohisi. Nje kulikuwa na mti wa mjakaranda na nyuma yake anga jeupe. Kisha, anasema, chumba kikaanza kwenda polepole. Sauti za wodini zilimfikia zikiwa zimefungwa ndani ya pamba. Aliusikia moyo wake ukipiga, ukasimama kama mtu anayepanda kilima cha Iringa na mzigo kichwani, ukavuta pumzi, ukapiga tena. Hakuogopa, na hilo lilimshangaza. Ukungu wa bondeni ulipanda hadi kwenye dirisha, ukaingia, ukafunika miguu ya kitanda. Baba yake alikuwa ndani ya ukungu ule, kijana, akifungua robota moja baada ya jingine, na kitambaa cheupe kikikunjuka juu ya vilima bila kwisha, hadi Mufindi, hadi Makambako, hadi Mbeya. Akataka kumuuliza bei yake. Baba akaweka kidole mdomoni, akaendelea kukunjua.

Mlangoni Bwana Yunusu alisimama na tasbihi yake, hataki kukaa kwenye kiti alichopewa.

"Bado unapiga?" alimuuliza Sista Yusta kila alipopita.

"Unapiga, baba. Polepole."

Mchana mapigo yalishuka hadi arobaini na tano kwa dakika, na yakakaa hapo. Daktari Rozalia aliitwa. Alikuja akasimama kando ya mashine, mikono mfukoni, akiitazama namba. Bwana Yunusu alipomwona daktari amesimama hivyo, tasbihi ilimtoka mkononi. Walikuwa wameshaandaa dawa ya kuuchochea moyo, ipo kwenye sahani, imefunikwa.

"Bi. Mwanakhamisi," daktari aliita. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Uko mbali kidogo."

"Kichwa kinazunguka? Kifua kinabana?"

"Hapana. Nipo vizuri. Mnaongea kwa sauti ndogo tu."

Wakangoja. Baadaye, bila haraka yoyote, namba kwenye mashine ikaanza kupanda, arobaini na saba, hamsini, hamsini na tatu, na ukungu ukarudi chini ulikotoka. Walimlaza hapo usiku huo ili wajiridhishe. Ile sahani iliondolewa ikiwa imefunikwa vilevile. Bwana Yunusu alikubali hatimaye kukaa kwenye kiti, na alipokaa alilia, jambo ambalo mkewe ameniomba niliandike kwa sababu yeye mwenyewe hatalisema.

Miezi minne baadaye walimtia matone machoni wakamchunguza. Jicho lilikuwa safi. Alitoka nje na mboni zimepanuka, kila jani likimetameta, kila mpita njia akiwa na mwanga pembeni mwake. Akakaa kwenye benchi la hospitali mpaka matone yakaisha nguvu, kwa sababu, anasema, hakutaka kuharakisha.

Ni miaka minane sasa, na hajapata shambulio jingine. Nisimwandike kama aliyepona, maana hataniruhusu. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo akichoka, na anatembea na fimbo. Joto linamlegeza, ndiyo maana likizo zake hazijawahi kuwa za pwani ya ukoo wake, na amekuwa akisema kwamba baridi ya Mbeya ni nusu ya matibabu, ingawa daktari hajawahi kulithibitisha. Mwaka 2020 alipata mkanda wa jeshi mbavuni, maana dawa inayoitiisha kinga ya mwili huwaachia mlango na wageni wengine. Aliumwa sana, akatibiwa, akarudi. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja kituoni, inayopima yenyewe, aliipokea kwa adabu, na kila asubuhi akaendelea kutoka nje kuhakikisha kama imesema kweli.

La mwisho nitakalosimulia lilitokea kwenye benchi la kliniki kule Iringa. Kando yake alikaa mwalimu kijana kutoka Tukuyu, Bupe, aliyekuwa amepewa jina la ugonjwa wiki mbili tu kabla. Alikuwa amesikia habari za huyu mama wa hali ya hewa ambaye ugonjwa umemwogopa.

"Mama, nitajie tu jina la kidonge chako. Nikiingia ndani nataka niombe hichohicho."

Bi. Mwanakhamisi angeweza kumtajia. Badala yake alimuuliza anafundisha nini, anaishi na nani, na mwishowe:

"Una mchumba?"

"Tunafunga ndoa Agosti, mama."

"Mnataka mtoto mapema?"

Binti akainamisha uso, akacheka kidogo. "Mapema sana."

"Basi ukiingia, hilo ndilo uanze nalo. Kabla ya jicho, kabla ya miguu. Changu hakitakiwi tumboni kukiwa na mtoto, na kukiacha nako ni hatari. Kipo kingine kinachokaa mwilini muda mrefu hata ukikiacha. Mweleze daktari mambo yako yote, ndipo mchague."

Bupe aliingia akaeleza. Yeye na Daktari Rozalia walichagua dimethili fumarati, kwa mpango wa kuiacha mapema kwa ajili ya ujauzito, na ndivyo ilivyokwenda. Leo ana binti wa miaka miwili, Ikupa, jina la bibi yake, na baada ya kunyonyesha amerudi kwenye vidonge vyake. Uso unamwiva saa nne asubuhi mbele ya darasa la tano, na wanafunzi wanadhani amekasirika, kwa hiyo wanatulia. Kidonge kilichomwacha Bi. Mwanakhamisi kimemshika Bupe vizuri kabisa. Sasa wapo wagonjwa kadhaa wa Mbeya na Iringa wanaopigiana simu, na wanaompigia yeye wakitaka kujua kipi ni bora hukuta kwamba anauliza habari zao kwanza, kwa muda mrefu, kabla ya kutaja dawa yoyote.

Mwezi uliopita alikwenda kliniki, na Daktari Rozalia akamfungulia mazungumzo mapya. Umri unaongezeka, kinga inapungua yenyewe, na dawa yenye nguvu ina hatari zake kwa mtu wa miaka sitini. Huenda wakaendelea nayo. Huenda wakahamia kitu chepesi, kwa uangalifu, bila kuacha pengo. Nilimuuliza amemjibu nini.

"Nimemwambia anipe muda," alisema. "Safari ya kwanza nilichagua nikiogopa. Safari hii nina nafasi ya kukaa nikilifikiria."

Ataishi hapahapa Mbeya, Mwanjelwa, na Bwana Yunusu, ambaye naye amepunguza safari isipokuwa ile moja. Rayyan, mtoto wao, amewajengea baraza pana linalotazama milima. Kiti cha kwanza kimekwisha kuwekwa.

Dada Mwanakhamisi, kwa niaba ya wote uliowafundisha kusimama nje na kuinua uso, asante. Tumepata kwako subira ambayo haiko kwenye mwongozo wowote wa kazi. Tunakuombea miguu ikubebe, macho yakae wazi, na utakalolichagua na daktari wako likutunze. Desemba hii mvua itanyesha usiku juu ya bati lenu, nyingi, na asubuhi itapimwa na mtu mwingine. Wewe lala. Ukiamka, mwambie Yunusu imenyesha vizuri, basi, inatosha.

Saulo Mwaisela, mwangalizi mwenzake